Subiri Marudiano

Nilimfunga mwalimu wa hisabati kwa hatua 8. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo nilipopenda kuianzia hadithi hii kwa wiki nyingi, kila mtu aliponiuliza ligi inaendaje. Ilikuwa Jumamosi, Migori mjini, kwenye chumba cha kukodi juu ya duka la mabati na saruji. Chini bodaboda zilikuwa zikipiga honi. Juu tulikuwa na mbao sita za sataranji, saa nne zinazofanya kazi na mbili za kuombea. Wageni wetu walikuwa wametoka Homa Bay alfajiri. Mwalimu alipata kete nyeupe. Akamsukuma askari aliye mbele ya malkia wake nafasi mbili, vile watu wa heshima hufanya. Mimi, bila kufikiri, nikamsukuma askari wa mbele ya mfalme wangu nafasi mbili, moja kwa moja mdomoni mwa askari wake. Kula bure.

Akaniangalia juu ya miwani. Akala.

Kama una ubao karibu, fuata. Yeye d4, mimi e5. Akala e5, nikatoa farasi c6. Akatoa farasi f3 kumlinda askari wake, nikampeleka malkia e7. Akaleta askofu f4 kuongeza ulinzi, malkia wangu akateleza hadi b4 na kumshambulia mfalme. Akarudisha askofu d2 kuziba njia, na malkia wangu akala askari wa b2. Sasa ngome yake ya kona iko hatarini, na akili ya mtu wa kawaida inasema: mpeleke askofu c3, mfukuze huyu malkia mlafi. Akampeleka. Nikaleta askofu wangu b4, na wake akawa amegandishwa pale pale, maana akisogea tu mfalme anabaki wazi. Malkia wake akaja d2 kusaidia. Askofu wangu akala c3, malkia wake akamlipizia, na malkia wangu akashuka c1. Mfalme hana pa kwenda.

Chumba kililipuka. "Omera, umemchinja!" Nilinunuliwa soda mbili. Mwalimu, mtu wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, hakukasirika. Alizipanga kete upya, akaurudisha ubao hadi pale malkia wangu alipokula b2, akauliza kwa upole: "Sasa kijana wangu, na kama hapa ningemtoa farasi badala ya askofu?"

"Ungekufa tu, mwalimu," nikasema. Watu wakacheka.

Sikujua jibu. Video niliyoitazama iliishia kwa malkia kushuka c1.

*

Majarida kama hili huchapa uhakiki wa riwaya na mashairi. Naomba nafasi nihakiki kitu kingine: hatua mbili tatu za kwanza za mchezo wa sataranji, zile za ajabu, zile ambazo mtu aliyefunzwa vizuri akiziona anatabasamu au anakunja uso. Nasema uhakiki kwa kumaanisha. Mwanzo wa mchezo ni kama sentensi ya kwanza ya hadithi. Unamwambia aliye mbele yako wewe ni nani, unataka nini, na unamchukulia kuwa mjinga kiasi gani.

Tena hatujazoea kuzungumzia hatua zenyewe. Sataranji ya Afrika Mashariki ikifika kwenye kitabu au kwenye skrini, hadithi huwa ni ya wokovu. Chukua *Queen of Katwe*, kitabu cha Tim Crothers cha 2012 kisha filamu ya Mira Nair ya 2016, kuhusu Phiona Mutesi wa Kampala na kocha wake Robert Katende. Filamu hiyo nimeitazama mara tatu na imenitoa machozi mara mbili. Lakini niambie nikuwekee ubao hata mmoja kutoka ndani yake, siwezi. Nakumbuka matope, mafuriko, mahindi ya kuuza. Ni kana kwamba sisi huwa tunaokolewa na sataranji bila kuicheza.

Sisi huku tunaicheza. Ligi yetu ni ya wikendi, haihusiani na ile ya taifa. Ni timu za miji jirani, Migori, Awendo, Rongo, kisha upande wa ziwa Homa Bay, Oyugis na Mbita, zinazochangiana nauli na chapati. Wachezaji ni walimu, mafundi wa simu, wanafunzi wa sekondari, mama mmoja muuza omena ambaye hakuna anayetaka kukutana naye, na watu kama mimi, ambao tukiulizwa kazi tunasema "naandika andika." Wazee wengine wanaokuja kutazama walilelewa kwa ajua, mashimo na mbegu, na bado wanaona hii ya farasi na maaskofu kama mchezo wa watu wasio na haraka ya kula.

Na katika ligi hii mianzo ya ajabu imejaa kama nyasi. Kuna anayeanza na g4 kila wiki. Kuna kijana ambaye kwa kete nyeusi hujibu kila kitu kwa kusukuma askari wa pembeni, a6, halafu anaegemea nyuma kama mtu aliyelipa deni. Kuna mimi na Englund yangu, mwanzo uliopewa jina la Mswidi Fritz Englund, ambao programu yoyote ya sataranji itakwambia ni mbovu kabla hujamaliza kuinua mkono.

*

Kwanza niutetee ubovu huu, maana unastahili wakili.

Mianzo ya heshima ni ghali. Sisilia, Kihispania, Kihindi cha Mfalme: hiyo ni miji mikubwa, yenye mitaa na vichochoro, na kuijua unahitaji vitabu, kocha, bando la intaneti na muda. Kijana aliyelelewa na kocha Nairobi anakuja amekariri hatua 18 za Sisilia. Ukikubali kumfuata kwenye njia yake, unamfuata hadi kaburini kwako mwenyewe, na barabara nzima yeye hafikirii, anakumbuka tu. Kwa hivyo unamvuta nje ya lami. Unampeleka kwenye kinamasi, mahali ambapo hakuna kibao cha barabara, na huko mnalingana. Hiyo ndiyo siasa ya mwanzo wa ajabu, na nimeihubiri sana kwenye vibanda vya chai: ni silaha ya maskini, ni namna ya kumwambia mwenye vitabu kwamba leo vitabu vyake havina kazi.

Hoja hii ni tamu. Niliiamini kwa misimu miwili. Lakini ina tundu, na tundu lenyewe nililiona baada ya lile swali la farasi.

Kumbe kinamasi hakikuwa changu. Mimi pia nilikuwa nimekariri. Tofauti yangu na yule kijana wa Nairobi ni kwamba yeye amekariri hatua 18 na mimi hatua 8. Nilikuwa msomi wa kitabu chembamba zaidi. Mtu anayemwekea mwenzake mtego wa Englund hajaingia naye porini wakatafute njia pamoja. Anajua mahali shimo lilipo, mwenzake hajui, na ujanja wote umeishia hapo. Siku mwenzake atakapojua, wote wawili watasimama ukingoni mwa shimo wakilitazama, na aliyelichimba hana mpango mwingine.

Kwa hivyo kipimo changu cha uhakiki siku hizi ni kimoja. Ondoa mshangao. Mpe mpinzani wiki mbili, simu na Lichess, ambayo ni bure. Halafu uangalie kilichobaki kwenye ubao.

*

Kwa kipimo hicho, mianzo ya ajabu si familia moja. Ni watu tofauti waliovaa nguo zinazofanana.

Kuna kejeli. Machi 2021, kwenye mashindano ya mtandaoni, Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, alisukuma askari wa mfalme nafasi mbili, kisha hatua ya pili akamtoa mfalme mwenyewe nje. Hikaru Nakamura akacheka na kufanya vivyo hivyo, wakarudi na kwenda hadi sare. Wapenzi wa sataranji mtandaoni walishangilia wiki nzima. Ni mzaha mzuri, lakini ni mzaha wa tajiri anayevaa jinzi iliyochanika: inapendeza kwa sababu kila mtu anajua kabati lake lina nini. Mwanafunzi mmoja wa timu yetu aliuiga kwenye mchezo halisi, mbele ya mpinzani halisi, na mfalme wake hakuwahi kurudi nyumbani. Nilimwona akijaribu kucheka baada ya kushindwa, na kile kicheko kilinikaa.

Kuna udadisi. New York, 1924, Savielly Tartakower alienda kutazama wanyama katika bustani ya Bronx, akampenda orangutani mmoja aliyeitwa Susan, na kesho yake akafungua mchezo dhidi ya Géza Maróczy kwa b4, yule askari wa upande wa malkia ambaye hakuna mtu humgusa kwanza. Mwanzo huo unaitwa Orangutani hadi leo. Tartakower alishindwa mchezo ule. Hilo husahaulika, kwa kuwa hadithi ni nzuri kuliko matokeo. Lakini ukiupima, b4 inasimama vizuri kuliko Englund yangu. Haina shimo lililofunikwa majani. Inakwambia wazi: naichukua nafasi huku pembeni, askofu wangu ataketi b2 na kulitazama bonde lote, wewe chukua katikati kama unaitaka. Baadaye Alexei Sokolsky aliichukulia kwa uzito kiasi cha kuiandikia kitabu. Mpinzani wako akiijua, bado kuna mchezo wa kucheza.

Halafu kuna imani, na hapa lazima tumzungumzie Michael Basman.

Basman alikuwa Mwingereza, alizaliwa 1946 na akafa 2022, bwana wa kimataifa aliyeweza kabisa kucheza mianzo ya heshima. Akachagua g4. Huyu ni askari anayesimama mbele ya farasi wa upande wa mfalme, yule unayemhitaji atulie ili mfalme apate nyumba. Kumsukuma nafasi mbili hatua ya kwanza ni kama kung'oa mlango wa nyumba yako ili uutumie kama rungu. Kabla yake kulikuwa na Henri Grob wa Uswisi, ambaye mwanzo huo una jina lake, na aliyewachezea wasomaji wa gazeti la Zürich kwa posta michezo mingi akiutumia. Basman aliuchukua akauandikia kitabu mwaka 1991, *The Killer Grob*.

Mtego wa g4 upo, na ni mzuri. Mpinzani anajibu d5, na askofu wake wa c8 anamwona askari wako wa g4 amekaa peke yake. Unaweka askofu g2. Akila g4, unasukuma c4, na ghafla yule askofu wa g2 anatazama mstari mrefu hadi b7, ambako mlinzi ameondoka kwenda kula. Wengi wetu tunaishia hapo. Ila Basman hakuishia hapo, na ndiyo sababu namheshimu hata nikiamini mwanzo wake una kasoro. Aliucheza miaka nenda miaka rudi, dhidi ya watu waliojua kabisa kwamba atakuja na kitu cha namna hiyo. Mshangao ulikuwa umekufa zamani. Wapinzani walikuwa na majibu, wengine walikuwa na kitabu chake mwenyewe mezani, na bado aliendelea, anachimba anatafuta. Anaweza kuwa alikosea. Mimi nafikiri alikosea, na mashine nayo inafikiri hivyo. Lakini alikuwa akibishana na sataranji yenyewe. Mimi nilikuwa nikibishana na mtu ambaye hajatazama video.

*

Wachezaji wa mianzo ya ajabu wana mchezo mmoja wanaoubeba kama kitambulisho. Skara, Uswidi, 1980, mashindano ya timu za Ulaya. Anatoly Karpov, bingwa wa dunia, akafungua kwa e4. Tony Miles wa Uingereza akajibu a6. Karpov akachukua katikati yote kwa d4, Miles akasukuma b5. Ni hatua za mtoto anayejifunza jinsi askari wanavyotembea. Miles akashinda.

Kwenye vibanda vya chai hadithi inakomea hapo: a6, halafu ushindi. Nami nilikuwa naisimulia hivyo hivyo. Baada ya swali la mwalimu niliuweka mchezo wote kwenye ubao, hatua zote 46, na nikaona aibu. Mchezo ule hauna mtego hata mmoja. Baada ya zile hatua mbili za ajabu Miles anatoa askofu, anatoa farasi, anampeleka mfalme salama, anabadilishana kete zinazotakiwa kubadilishwa. Karpov ndiye anayekosa subira, anarusha farasi wake mbele kutafuta mashambulizi, na mashambulizi hayafiki. Hatua ya 24 malkia wa Miles anakula askari wa b2. Hatua ya 25 anakula wa e5. Kuanzia hapo ni kazi ya fundi: kubadilisha malkia, kushika mistari, kusukuma polepole, kungoja. Zaidi ya hatua 20 za uvumilivu. Mtu angeweza kukosea mara kumi katika zile hatua, mbele ya mchezaji bora duniani. Miles hakukosea.

Yaani a6 ilimnunulia Miles kitu kimoja tu: labda hasira kidogo upande wa pili. Kilichobaki alikilipa mwenyewe.

Kuna jambo lingine kumhusu Miles lililonigusa zaidi, na sasa itabidi nijitaje. Alikuwa anasoma hisabati chuo kikuu cha Sheffield, akaacha kabla ya kumaliza. Nilipolisoma hilo nilifurahi kupita kiasi, maana mimi pia niliacha chuo, mwaka wa tatu. Watu wa nyumbani Migori walisema nimeharibu mwanzo, na nikawajibu kwa kiburi. Nikawatajia wale matajiri wa Marekani walioacha chuo wakatengeneza kompyuta. Nikasema njia ya kila mtu si yangu, nimechagua njia ya pembeni. Nililisema hilo mara nyingi hadi likawa na mdundo.

Ukweli ulikuwa mdogo na usio na mdundo. Nilikuwa na karo ya mihula miwili sijalipa, masomo mawili nimefeli, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Sikuchagua njia ya pembeni. Nilisukumwa huko, nikafika, nikaweka bango linalosema nimechagua. Naye Miles, ukimsoma vizuri, alipotoka Sheffield alikuwa tayari bingwa wa dunia wa vijana, 1974. Chuo chenyewe kilimtunuku shahada ya uzamili 1975 kwa ajili ya sataranji yake, na mwaka uliofuata akawa bwana mkubwa. Aliacha akiwa na kitu mkononi. Mimi niliacha nikiwa na maneno.

Na nikiendelea kusema ukweli, hii ndiyo kazi Englund iliyokuwa ikinifanyia. Nikishinda, mimi ni mjanja. Nikishindwa, basi, si nilicheza kitu cha kipuuzi makusudi? Aliyeshindwa ni Englund. Udhuru unakaa mezani kabla saa haijabonyezwa. Ningecheza mwanzo wa kawaida, d5, farasi f6, hatua za watu wote, halafu nishindwe, ningekuwa nimeshindwa mimi. Nimewaangalia wenzangu wengi tangu hapo, yule wa a6 anayeegemea nyuma, yule mwanafunzi aliyejaribu kucheka, na nadhani siko peke yangu. Tunaita ujasiri kitu ambacho mara nyingi ni bima.

*

Marudiano yalikuwa Homa Bay, wiki sita baadaye.

Hapa ndipo ligi inapotofautiana na mtandao, na ndiyo sababu naiandika hii. Mtandaoni unakutana na mgeni, unamtega, unaondoka, kesho kuna mgeni mwingine, na mtego unaweza kukulisha miaka. Kwenye ligi ya miji sita utakutana na mtu yule yule tena, kwake, mbele ya watu wake. Amekula chakula cha kwenu, amepanda matatu kurudi, amelala juu ya kile ulichomfanyia. Marudiano ni mhakiki mkali kuliko mimi.

Tuliondoka Migori saa kumi na mbili asubuhi, tukashukia Rongo, tukapanda nyingine kuelekea ziwani. Mji ulipotokea, kilima cha Asego upande mmoja na maji upande mwingine, tumbo langu lilikuwa limeshajua. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, viti vya plastiki, harufu ya samaki wa kukaanga ikiingia dirishani. Kwetu rangi hupangwa kwa kurusha sarafu: manahodha wanarusha, ubao wa kwanza unapata rangi, mingine inafuata kwa zamu. Sarafu ikaanguka, na mwalimu akapata nyeupe tena.

Alinisalimia vizuri, akauliza habari za safari, akaniuliza kama nimekunywa chai. Halafu akafungua daftari dogo la mazoezi, lile la mistari ya wanafunzi, akaliweka kando ya ubao akiwa amelifunga. Akasukuma d4.

Ningeweza kucheza kitu kingine. Nilikuwa nimeshausoma mchezo wa Miles, nimeshakaa na aibu yangu, na tayari nilikuwa nafikiri mengi kati ya haya ninayokuandikia. Lakini timu ilikuwa nyuma yangu, na mmoja alikuwa tayari ameinua simu kurekodi. Nikasukuma e5.

Akala. Tukapita njia yetu ile ile, farasi, malkia, askofu, malkia, hadi nikala b2. Chumba kikanyamaza. Mwalimu hakuharakisha. Akamshika farasi wa b1, akamweka c3.

Nikaleta askofu b4, kwa sababu hata video fupi huwa na hatua moja zaidi ya ile unayoihitaji. Akasogeza ngome b1, malkia wangu akakimbilia a3. Ngome b3, malkia a5. Akasukuma a3, askofu wangu akala farasi, askofu wake akala wangu na kumtazama tena malkia. Ikabidi akimbie tena. Hapo tulikuwa hatua ya 10. Ukihesabu kete, tulikuwa sawa, askari kwa askari. Ukiutazama ubao, malkia wangu alikuwa ametembea mara 6, farasi wangu mmoja bado amelala, mfalme wangu bado katikati, na kete zake nyingi zilizotoka nje zilikuwa zimetoka kwa sababu mimi nilikuwa nimemfukuzia. Nilikuwa nimemsaidia kujipanga.

Nilicheza saa tatu na nusu. Sijawahi kufikiri hivyo kwenye ubao. Kwa mara ya kwanza sikuwa nakumbuka chochote, nilikuwa nacheza, na nilicheza vizuri kwa muda, hata mwalimu akavua miwani mara mbili akaifuta. Haikutosha. Hatua ya 40 na kitu nikamlaza mfalme wangu. Hakuna aliyepiga kelele. Yule wa simu alikuwa ameacha kurekodi zamani.

Tukakaa nje chini ya mti na ubao wake. Akalifungua daftari. Kurasa tatu, kwa penseli, hatua zangu za Migori na matawi yote aliyoweza kuyafikiria: kama angetoa farasi, kama ningekimbilia huku, kama ningekula kule. Pembeni ameandika alama za kuuliza. Hakuwa na programu, alisema, simu yake ni ya kubonyeza. Alifanya jioni, baada ya kusahihisha mitihani. Mtu niliyemfanya kichekesho alikuwa amekisoma kitu changu kwa makini kuliko nilivyowahi kukisoma mimi niliyekileta.

"Hapa," akasema, kidole kwenye hatua ya 7, "mimi nilitaka kukuuliza. Ulikuwa unataka nini?"

Nikamwambia sijui, mwalimu. Akaandika kitu daftarini. Halafu tukaanza kutafuta.

*

Sijaacha mianzo ya ajabu, na sikuandika hii kumwambia mtu yeyote aache. Ligi yetu bila g4 na b4 ingekuwa ya kuchosha, na yule mama wa omena ana jambo lake moja na farasi wa pembeni ambalo ningependa siku moja lichapishwe. Nimeacha Englund. Kwa kete nyeupe sasa nacheza b4, ile ya Tartakower na Susan, na kabla ya kila mchezo naandika kwenye daftari, mpinzani akiijua, mimi nitakuwa nataka nini.

Raundi ijayo ni Rongo. Nitakutana na msichana wa kidato cha pili ambaye tayari nimemchezea b4 mara moja, na nilishinda, na nina hakika ameipeleka nyumbani. Ana majibu matatu ya maana. Mawili nimeyaandalia. La tatu, anaposukuma e5 na kuniachia nile e5 au nisile, nimelijaza kurasa mbili na bado nina alama za kuuliza pembeni. Nimebaki na siku nne.